Kamera ya usiku: usiulize inaona mita ngapi, uliza kama utamtambua mtu

Ukiingia duka lolote la kamera hapa Bunia, mwuzaji atakuonyesha kwanza namba iliyo juu ya karto: "mita 30 usiku". Namba hiyo inasema tu kwamba kwenye mita 30, gizani, kamera bado inaona kitu kinatembea. Mbuzi, mlinzi, mwizi, yote ni moja. Lakini asubuhi, avenyu nzima ikijaa mbele ya mlango wako, hakuna atakayeuliza kama kulikuwa na mtu. Watauliza ni nani. Na kwetu tunajua swali hilo linaweza kuishia wapi: kijana anachomwa kabla polisi hawajafika.

Tuhesabu kidogo. Kanuni inayotumika Ulaya, EN 62676-4, inaomba pikseli 250 kwa kila mita ya upana wa picha ili sura ya mtu usiyemjua itambulike. Kwa mtu ambaye tayari unamfahamu, 125 zinatosha. Kamera ya megapikseli 2 iko na pikseli 1920 kwa upana. Lensi ya milimita 2.8, ile inayouzwa sana, kwenye umbali wa mita 10 inakamata upana wa karibu mita 19. Gawanya: pikseli 100 hivi kwa mita. Sura ni ukungu. Lensi ya milimita 6, kwa umbali ule ule, inakamata karibu mita 9, na unapata zaidi ya 210. Basi kwa mlango mkubwa wa parsele chukua ya milimita 6, na ile pana uiachie kazi ya kuangalia uwanja. Kamera moja haifanyi kazi zote mbili, hata mwuzaji aape.

Halafu kuna mwanga wenyewe. Infraruji ni mwanga ambao jicho letu halioni lakini kamera inauona, na taa zake ndogo zimezunguka lensi. Umbali ukizidi mara mbili, mwanga unaofika unabaki robo tu. Ziko aina mbili: nanomita 850, ambayo ukiitazama inaonyesha wekundu kidogo kama kaa la moto, na nanomita 940, ambayo haionekani kabisa lakini inafika karibu zaidi. Kwa parsele ya kawaida mimi nachagua 850. Mwizi akiona ule wekundu na kurudi alikotoka, si hasara.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni hili: picha ya infraruji haiko na rangi, na hata weusi na weupe wake unadanganya. Koti jeusi linaweza kutokea jeupe, kwa sababu rangi nyingi za nguo zinarudisha infraruji. Kwa hiyo video ikizunguka kwenye WhatsApp na mtu akisema "mwizi alivaa koti jeupe", kila aliyevaa jeupe jana yake yuko hatarini bure. Kama rangi ni muhimu, weka mlangoni taa nyeupe inayojiwasha mtu akipita. Kamera nyingi za sasa ziko nayo ndani. Infraruji ibaki nyuma ya nyumba.

Kuhusu vumbi letu jekundu na mvua, tafuta IP66 au zaidi: 6 ya kwanza ni vumbi haliingii, ya pili ni maji yanayorushwa kwa nguvu. Ile yenye kioo cha mviringo kama bakuli siipendi kwa nje. Vumbi likikaa juu yake, infraruji inagonga na kurudi kwenye lensi, na picha yote inakuwa nyeupe. Buibui pia wanapenda pale, na uzi mmoja usiku unaonekana kama kamba. Funga chini ya bati, mita 2.5 hadi 3 kutoka chini, mbali na ukuta uliopakwa chokaa. Ukipandisha sana utapata picha ya kofia tu.

Umeme je? Sisi tuko karibu na ikweta, giza ni karibu saa 12 kila siku ya mwaka. Tuseme kamera 4 za wati 5: usiku mmoja ni wati-saa 240, na mchana, taa zikiwa zimezima, zinakula kama nusu yake. Kifaa cha kurekodi cha wati 10 kinakula 240 kwa siku nzima. Jumla 600. Betri ya asidi ya volti 12, amperi-saa 100, inabeba 1200, na haifai kuishusha chini ya nusu. Maana yake betri hiyo imefika mwisho wake hata kabla ya kuwasha televisheni.

Usielekeze kamera kwenye uwanja wa jirani. Tangu Machi 2023 Congo iko na Kodi ya Numeriki inayolinda habari za watu. Mwambie jirani na mzee wa nyumba kumi mapema.

Kabla ya kulipa, omba wawashe kamera pale dukani. Ifunike kwa kitambaa kizito: utasikia "tik" ndogo, chujio likisogea, na picha igeuke nyeusi-nyeupe. Ifunue na uangalie taa kwa kamera ya mbele ya telefoni yako kabla hazijazima. Zitaonekana, zihesabu kama zote zinawaka. Kisha mwombe mtu wa duka asimame mita 10 ndani ya depo, taa zimezimwa, umwangalie usoni kwenye skrini. Wakikataa, enda duka la pili.