Sataranji: ukiwa na nyeusi, ujibu nini mbele ya pioni ya malkia?

Kwenye sataranji, mchezo ambao waliosoma kwa Kifaransa wanauita échecs, mwenye nyeupe ndiye anaanza. Mara nyingi anasukuma pioni ya mbele ya malkia mpaka d4. Mwenye nyeusi anajibu d5. Kisha mwenye nyeupe anatoa pioni ingine, c4, isiyo na mlinzi. (Herufi a mpaka h zinahesabiwa kutoka kushoto kwa mwenye nyeupe, na namba 1 mpaka 8 kutoka upande wake.)

Je, ile pioni ni ya bure? Tuangalie. Mwenye nyeusi anaila. Mwenzake anacheza e3, askofu wake anaitazama c4. Mwenye nyeusi hataki kuirudisha, anailinda kwa b5. Inakuja a4, anajibu c6. Pioni zinakulana pale b5, kisha malkia mweupe anaruka mpaka f3. Njia ya kufika kwenye mnara wa a8 iko wazi. Mwenye nyeusi lazima atoe farasi au askofu ili auokoe. Ni mara ya sita tu ya kucheza, na mchezo umekwisha kuharibika.

Kuila c4 peke yake si kosa. Kosa ni kuing'ang'ania. Mwenye nyeupe anataka kuondoa pioni ya d5 katikati, ili yeye peke yake atawale fasi ile.

Kwa mtu asiye na mwalimu wala kompyuta, jibu la kutumainiwa ni kuacha c4 na kucheza e6. Sasa d5 iko na mlinzi. Kisha farasi aende f6, askofu e7, na mfalme ajifiche kando ya mnara, ndiyo ile roque. Hatua hizo ni chache na zinashikwa kichwani haraka.

Lakini ulinzi huu uko na bei yake: askofu wa c8 anafungiwa nyuma ya pioni ya e6. Njia moja ya kumtoa ni kucheza b6 na kumweka b7. Baadaye mwenye nyeusi asisahau kusukuma c5, ili naye apate nafasi. Anayechukia kufunga askofu anaweza kulinda d5 kwa c6 pahali pa e6. Njia ya askofu inabaki wazi, ila farasi wa b8 anapoteza nyumba yake nzuri.

Ulinzi wa e6 uko pia na mtego wake. Mwenye nyeupe anaweka askofu g5, akibana farasi wa f6 mbele ya malkia. Mwenye nyeusi anatoa farasi wa pili mpaka d7. Pioni zikikulana pale d5, mwenye nyeupe mwenye tamaa anaila d5 kwa farasi, juu anafikiri yule wa f6 hawezi kutoka. Anatoka! Askofu mweupe anakula malkia, lakini askofu mweusi anashuka b4 na kumtisha mfalme. Hakuna kinga ingine ila kuweka malkia d2. Hesabu ikiisha, mwenye nyeusi amepata kipande kimoja zaidi.

Mwaka wa 1927, kule Buenos Aires, Capablanca na Alekhine walipigania ubingwa wa dunia kwa michezo 34. Katika michezo 32, jibu lilikuwa hilo la kuikataa c4.

Na karibu na sisi, ukivuka Kasindi na kufika Kampala, Phiona Mutesi alijifunza mchezo huu katika mtaa maskini wa Katwe. Mwaka wa 2010 aliiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji, kule Urusi.

Anayeanza achague jibu moja, e6 au c6, alicheze mara nyingi mbele ya kujaribu lingine. Na kila anapoona pioni isiyo na mlinzi, kwanza aulize: nikiila, njia gani inafunguka nyuma yangu?