Mwalimu Mkuu Aliyekubali Kuwa Mwalimu wa Kawaida

Katika Migori na Homa Bay, kama kwingineko, mwalimu anapostaafu watu hukusanyika, hotuba husomwa, zawadi hutolewa, kisha mzee hurudi shambani kwake. Jambo hilo ni jema, maana aliyefanya kazi anastahili kupumzika. Lakini yafaa wasomaji wetu wakumbuke habari za mwalimu mmoja aliyestaafu katika cheo kikubwa, kisha asione haya kushika kazi iliyo chini ya cheo hicho. Huyo ni marehemu Bwana Edward Carey Francis.

Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1897. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikwenda Ufaransa, akiwa ofisa wa kikosi cha mizinga. Vita hiyo haikuwa ngeni kwa wazee wetu. Mwezi wa Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakaingia Kisii. Askari wa KAR wakaletwa kwa meli mpaka Kendu Bay, wakapanda kwa miguu, na tarehe 12 wakapigana nao huko Kisii. Baadaye wanaume wengi wa Nyanza walichukuliwa kuwa wapagazi wa vita, na wengi wao hawakurudi makwao.

Vita ilipokwisha, Bwana Francis alisoma hesabu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akafaulu sana, akawa mwalimu wa chuo hicho hicho. Mtu wa namna hiyo angeweza kukaa hapo kwa heshima na raha mpaka uzee wake. Lakini mwaka wa 1928 aliacha yote, akaja Maseno kuwa mkuu wa shule ya misioni ya C.M.S., iliyoanzishwa mwaka wa 1906. Siku hizo vijana wa Nyanza waliotaka masomo ya juu walikuwa na shule chache mno za kuchagua. Kwa kijana wa kusini mwa ghuba, Maseno ilikuwa ng'ambo ya maji, mbali na mama yake na ng'ombe wa baba yake.

Huko Maseno alifundisha hesabu darasani, na jioni alikuwa uwanjani pamoja na wanafunzi, maana aliupenda sana mpira wa miguu. Kwake uwanja ulikuwa darasa jingine. Mchezaji hujifunza kumpa mwenzake mpira, kumtii mwamuzi, na kushindwa bila kununa. Miongoni mwa waliosoma Maseno wakati wake alikuwa Oginga Odinga, ambaye baadaye alirudi kufundisha hapo, na mwaka wa 1964 akawa Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya.

Mwaka wa 1940 Bwana Francis alihamia Alliance High School, Kikuyu, akaiongoza kwa miaka 22. Vitabu vyake vya hesabu, Highway Arithmetic, vilienea katika shule za Afrika Mashariki, hata watoto ambao hawakumwona kamwe wakajifunza kujumlisha na kutoa kwa mkono wake.

Haifai kumsifu marehemu kana kwamba hakuwa na kasoro. Alikuwa mkali, na aliamini kwamba yeye ajua lililo jema kwa wanafunzi wake. Siasa za wakati ule hakuzipenda, na Mau Mau aliipinga waziwazi. Baadhi ya wanafunzi aliowafundisha kufikiri waliitumia akili hiyo hiyo kupingana naye, wakadai uhuru. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeingia Alliance mwaka wa 1955 katikati ya Hali ya Hatari, alieleza maisha ya shule hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka wa 2012. Mtu aweza kumheshimu mwalimu wake bila kukubali kila neno lake.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Mwaka wa 1962 alistaafu Alliance. Hakuwa na mke wala watoto. Angeweza kurudi Uingereza, lakini alikwenda Pumwani, mtaa wa maskini katika Nairobi, akafundisha katika shule ya sekondari ya huko akiwa mwalimu wa kawaida, chini ya mkuu mwingine. Mtu aliyetoa amri kwa zaidi ya miaka 30 akakubali kupokea amri. Aliendelea hivyo mpaka alipofariki mwezi wa Julai 1966, akazikwa Alliance.

Ndugu msomaji, katika vijiji vyetu wamo wazee wengi waliokuwa walimu, wakufunzi wa michezo na askari. Shule iliyo karibu nao ina watoto wasiojua hesabu, na timu isiyo na wa kuifundisha. Mara nyingi kinachomzuia mzee si ukosefu wa nguvu, bali ni ile fikira kwamba aliyekuwa mkuu hawezi kusimama tena mbele ya ubao chini ya kijana aliyemfundisha mwenyewe. Nasi majirani tuna sehemu yetu katika kosa hilo, kwa kuwa twamcheka aliyeshuka. Shule ya Pumwani haikumpa Bwana Francis cheo. Ilimpa watoto wa kufundisha, naye aliona hiyo yatosha.