Rejeta mpya, joto lile lile: Kwa nini gari huchemka hata baada ya ukarabati

DEREVA anayeondoka barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi baada ya kufungiwa rejeta mpya huamini kuwa shida ya gari lake kuchemka imekwisha. Aghalabu imani hiyo hudumu hadi mlima wa kwanza.

Anapoanza kupanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru, mshale wa joto kwenye dashibodi huanza kupanda pamoja naye. Punde si punde mvuke hufuka chini ya boneti. Jina la Mai Mahiu lenyewe, kwa lugha ya Gikuyu, lina maana ya maji moto.

Hapo ndipo kosa la pili hufanyika. Mwenye gari hurejea gereji akimlaumu aliyemuuzia rejeta, naye fundi huanza kubadilisha vipuri kwa kubahatisha: leo pampu, kesho feni, keshokutwa kitu kingine. Fedha hutoka mfukoni ilhali gari linazidi kuchemka.

Ukweli ni kwamba rejeta ni kiungo kimoja tu cha mfumo wa kupoza injini. Kabla ya kununua kipuri kingine chochote, kuna swali moja linalopaswa kujibiwa: gari hili huchemka wakati gani?

Jinsi mfumo unavyofanya kazi

Petroli au dizeli inapoungua ndani ya silinda, sehemu kubwa ya joto lake haigeuki kuwa nguvu ya kusukuma magurudumu. Joto hilo lisipoondolewa, chuma hupinda na injini hufa.

Maji ndiyo yanayolibeba. Pampu huyasukuma kuizunguka injini, kisha themostati huyafungulia njia ya kuelekea kwenye rejeta. Themostati ni vali ndogo inayofunguka kwa joto, na katika magari mengi hufunguka maji yanapofikia kati ya nyuzi 76 na 88 za selsiasi. Katika rejeta, upepo wa safari au wa feni huyapoza, nayo hurudi kwenye injini kuanza upya.

Kifuniko cha rejeta nacho kina kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Jijini Nairobi, palipo mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka yakifikia karibu nyuzi 94. Limuru, palipo juu zaidi, huchemka karibu nyuzi 93. Mombasa huchemka kwa nyuzi 100.

Kifuniko kizima hushikilia shinikizo ndani ya mfumo, na shinikizo hilo huyazuia maji yasichemke hadi yapite nyuzi 110, hata milimani. Ndiposa kifuniko chenye mpira uliochakaa huweza kulichemsha gari lisilo na kasoro nyingine. Vifuniko vya magari mengi kutoka Japani huandikwa nambari kama vile 0.9 au 1.1. Nambari ya kifuniko kipya yapaswa kuwa ile iliyopendekezwa na mtengenezaji wa gari.

Mshukiwa wa kwanza ni hewa

Gari likianza kuchemka mara tu baada ya rejeta kubadilishwa, mshukiwa wa kwanza ni hewa iliyonaswa ndani ya mfumo. Rejeta ya zamani ilipofunguliwa, maji yalimwagika na hewa ikachukua nafasi yake. Fundi mwenye haraka hujaza maji hadi mdomoni, hufunga kifuniko na kumwambia mwenye gari aende zake.

Kipovu kikubwa cha hewa hukwama sehemu ya juu ya injini. Pampu haiwezi kukisukuma vyema, na chuma kilicho karibu nacho hukosa maji ya kukipoza. Dalili zake ni mshale unaopanda na kushuka ghafla, pamoja na hita ya ndani inayotoa upepo baridi ilhali injini ina moto.

Tiba yake haihitaji kipuri chochote. Injini ikiwa baridi, gari huegeshwa pua yake ikiwa juu kidogo, kifuniko hufunguliwa na hita huwekwa kwenye joto la mwisho. Mfumo hujazwa polepole, kisha injini huwashwa na kuachwa ingurume taratibu. Themostati inapofunguka, vipovu hutoka na maji hushuka, nayo huongezwa. Magari mengine yana skrubu maalumu ya kutolea hewa, ambayo hulegezwa hadi maji yatoke bila povu.

Gari likishapoa, kiwango cha maji hukaguliwa tena. Fundi mwangalifu hupima maji aliyomwaga na yale aliyorudisha. Ikiwa zilitoka lita 5 na zimeingia 3 pekee, lita 2 zilizosalia ni hewa.

Likichemka kwenye msongamano

Ikiwa hewa imetolewa na gari bado huchemka, swali la wakati hurejea. Gari linalochemka likiwa kwenye foleni lakini likapoa likikimbia barabara kuu, aghalabu lina kasoro ya feni. Kwenye foleni hakuna upepo wa safari. Feni ndiyo tegemeo la pekee.

Rejeta inapobadilishwa, feni hung'olewa pia. Huenda plagi yake haikurudishwa, au waya ziliunganishwa kinyume na sasa feni inazunguka kuelekea upande usiofaa. Feni iliyo nyuma ya rejeta hutakiwa kuvuta upepo kutoka mbele ya gari. Ili kuthibitisha, karatasi huwekwa mbele ya rejeta feni ikizunguka. Ikivutwa na kunata, mambo ni shwari. Ikipeperushwa mbali, feni inapuliza kinyume.

Katika magari mengi yenye feni ya umeme, kuwasha kiyoyozi huifanya feni izunguke. Isipozunguka, fyuzi, rilei na waya zikaguliwe kabla ya kununua feni nyingine. Kava ya plastiki inayoizingira feni irudishwe pia, kwani bila kava hiyo feni huvuta upepo kutoka kandokando badala ya kuupitisha kwenye rejeta.

Likichemka mlimani

Gari lililotulia kwenye foleni lakini likachemka kwenye mwinuko au kwa mwendo wa kasi lina tatizo tofauti. Upepo upo, ila maji hayapiti vya kutosha, au rejeta yenyewe haitoshi.

Kwanza, rejeta mpya yaweza kuwa ndogo kuliko ile ya awali. Kutoshea kwenye nafasi yake si ithibati kwamba unene na idadi ya mirija yake ni sawa. Iwapo si mpya bali ni ya mtumba, huenda tayari imeziba ndani.

Pili, kuna kutu. Injini iliyotumia maji matupu kwa miaka mingi, hasa maji ya kisima yenye chumvi, hujaa uchafu ambao husukumwa hadi kwenye rejeta mpya na kuiziba. Injini ilipaswa kusafishwa kwa maji kabla ya rejeta kufungwa.

Tatu, mpira wa chini wa maji uliozeeka huweza kujikunja na kubanika kwa mvuto wa pampu injini inapokwenda kasi. Aidha, mkanda uliolegea au mapanga ya pampu yaliyolika hupunguza mzunguko wa maji.

Nne ni themostati. Ikiwa imekwama au imefungwa kinyume, maji hayafiki kwenye rejeta. Baadhi ya mafundi huiondoa kabisa, wakidai kwamba nchi yenye joto haiihitaji. Dai hilo ni la kupotosha. Katika baadhi ya injini, themostati ndiyo huziba njia ya mkato ya maji. Ikiondolewa, maji mengi huzunguka ndani ya injini bila kupitia kwenye rejeta, na gari huchemka zaidi. Hata lisipochemka, injini isiyofikia joto lake halisi hula mafuta mengi na kuchakaa mapema.

Dalili zinazotisha

Kuna hali ambayo dereva hapaswi kuipuuza. Rejeta ya zamani ilipokuwa ikivuja, huenda gari lilichemka mara kadhaa kabla ya kufikishwa gereji. Joto hilo huweza kupindisha kichwa cha injini na kuunguza gasketi iliyo chini yake. Rejeta mpya haiwezi kuponya jeraha hilo.

Dalili zake ni vipovu visivyokoma mdomoni mwa rejeta, mipira ya maji inayokuwa migumu mara tu injini baridi inapowashwa, maji yanayopungua bila kuonekana yakivuja, na moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto. Oili inayofanana na chai ya maziwa ni dalili mbaya zaidi.

Kuna kipimo rahisi ambacho gereji nyingi zinacho: dawa ya rangi ya samawati huwekwa juu ya mdomo wa rejeta, na moshi wa injini ukiwa umepenya kwenye maji, hugeuka kuwa ya manjano. Kipimo kikithibitisha hivyo, gari lisiendeshwe tena hadi litengenezwe. Kila kilomita inayoongezwa huweza kugeuza kazi ya gasketi kuwa ununuzi wa injini nzima.

Barabarani likichemka

Mshale ukikaribia alama nyekundu, dereva azime kiyoyozi, afungulie hita hadi mwisho na kutafuta mahali salama pa kuegesha mbali na magari mengine. Kisha azime injini na kuweka vibao vya tahadhari.

Kifuniko kisifunguliwe kamwe wakati huo. Maji yaliyobanwa kwa shinikizo huruka kwa ghafla pindi kinapolegezwa, na huweza kuunguza uso na mikono vibaya mno. Ni heri kungoja hadi mpira wa juu ushikike bila kuchoma, jambo linaloweza kuchukua nusu saa au zaidi, kisha kukifungua polepole kwa kitambaa kizito.

Kuimwagia maji baridi injini yenye moto pia ni hatari kwa kuwa chuma huweza kupasuka. Maji yaongezwe kidogo kidogo baada ya injini kupoa. Mwenye gari akishafika gereji, mfumo ujazwe dawa ya rejeta iliyochanganywa na maji safi, kwani dawa hiyo huzuia kutu na kuchelewesha kuchemka. Ihifadhiwe mbali na watoto na mifugo. Ni sumu ikinywewa.

Kwa hivyo, mwenye gari arudipo gereji asianze kwa kulalamika kuhusu rejeta. Amweleze fundi iwapo gari huchemka kwenye foleni, mlimani au dakika chache baada ya kuwashwa. Amuulize kama hewa ilitolewa, kama feni inavuta upepo, kama themostati ipo na kama kifuniko ni cha nambari inayofaa. Maswali hayo hayana gharama, nayo yakijibiwa kwa mpangilio huo, kipuri kitakachonunuliwa kitakuwa kile kilichoharibika.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa gari linalochemka, ukuta huo ni injini.