SOMO LA REDIO: MBWA ASIYE NA MWENYEWE

Kaeni karibu na redio, kila mtu na kalamu yake, maana mwishoni tutaandika. Leo twasema habari za mbwa koko, na njia ya kumpatia makao mema.

Kwanza, mbwa umwonaye akizurura sokoni si lazima awe hana mwenyewe. Wengi wana nyumba, ila hawafungwi wala hawashibishwi, basi hujitafutia jalalani. Uliza majirani, uliza na mwenyekiti wa mtaa. Ukimchukua mbwa wa watu bila kuuliza, huo ni wizi hata kama nia yako ni njema.

Haya, tuseme umeuliza na mwenyewe hakupatikana. Wataka kumtunza, au kumpa ndugu yako aliye shamba. Utaanza na nini? Wengi watajibu: chakula. Chakula ni kizuri, na maji pia. Lakini kabla hujampeleka popote, lazima ufikiri habari za kichaa cha mbwa.

Ugonjwa huu hukaa katika mate. Mnyama mgonjwa akiuma, vijidudu vyake huingia jerahani, kisha husafiri polepole katika mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo yaweza kuchukua majuma, hata miezi, na muda huo wote mbwa hula na kutikisa mkia kama mzima. Hapo ndipo penye hatari. Dalili zikisha kuonekana, awe mtu au mnyama, karibu kila mara mgonjwa hufa. Wataalamu wakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, wengi wao katika Asia na Afrika, na watoto ni wengi miongoni mwao.

Tazameni kisiwa cha Pemba. Mbwa walichanjwa kwa wingi, na kufikia mwaka 2014 ugonjwa ulikwisha. Mwaka 2016 ukarudi. Wataalamu walipochunguza vijidudu vyenyewe, waliona vimetoka nje ya kisiwa. Sasa, mbwa haogelei kutoka bara mpaka Pemba! Mbwa huvuka bahari kwa kupakiwa chomboni na mtu, na pengine mtu huyo ampenda sana mbwa wake. Ilibidi kazi ya kuchanja ifanywe tena kwa bidii, na ugonjwa haukwisha mpaka mwaka 2018.

Kwa hiyo, bwana, usimsafirishe mbwa uliyemwokota leo. Usimkamate kwa mikono mitupu. Mwite Bwana Mifugo. Mbwa achanjwe, kisha awekwe mahali pamoja, mbali na watoto, kwa muda atakaosema Bwana Mifugo, kwa sababu chanjo haimponyi mbwa aliyekwisha kuingiwa na ugonjwa. Na akikuuma? Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kisha nenda hospitali siku ile ile. Usipake pilipili, wala usingoje uone kama mbwa atakufa.

Sasa tutafute nyumba. Mimi sipendi desturi ya kumpa mbwa mtu wa kwanza anayesema ndiyo. Muulize: nani atamlisha ukisafiri? Usiku atalala wapi? Mkeo au mumeo amekubali? Katika nyumba nyingi za Waislamu wa pwani watu hujihadhari na mate ya mbwa, na hilo si ukatili. Hao hao wajua hadithi ya mtu aliyemteremkia kisimani mbwa mwenye kiu akampa maji. Nyumba kama hiyo mpelekee paka. Mbwa mpe mchungaji, au mlinzi wa shamba, ambaye kweli ana haja naye.

Mbwa jike azuiwe uzazi na daktari wa mifugo, kama yuko karibu. Jike huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na wale watoto wanaotupwa kando ya barabara ndani ya gunia ndio mbwa koko wa mwakani.

Shikeni kalamu. Mbwa akipokewa, yafaa pawe na karatasi, ili chanjo ya mwaka ujao isisahauliwe. Nasema polepole, andikeni:

“Mimi, ……, wa mtaa wa ……, leo tarehe …… nimempokea mbwa jike mweusi mwenye baka jeupe kifuani. Alichanjwa tarehe ……. Nitamchanja tena siku atakayoniambia Bwana Mifugo. Nikishindwa kumtunza, sitamwacha njiani. Nitamrudisha kwa ……, aliyenipa.”

Jazeni nafasi zilizo wazi, kisha kila mmoja amsomee jirani yake kwa sauti. Mwalimu wa darasa atasahihisha tarehe.