Shimesikio na Betri Yake: Ya Kubadilishwa au Iliyofungwa Ndani?

Shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, humfikia mgonjwa baada ya safari ndefu. Masikio huchunguzwa, usikivu hupimwa, kalibu ya sikio hutengenezwa, na sauti hurekebishwa mpaka ilingane na mahitaji yake. Siku ya kukabidhiwa kifaa huwa ya furaha katika familia. Lakini wahudumu wa kliniki za masikio wanaijua pia siku nyingine, ambayo huja miezi michache baadaye: mgonjwa anarudi na kifaa kikiwa kizima, kimefungwa kwenye kitambaa, hakijavaliwa kwa majuma kadhaa. Anapoulizwa sababu, jibu lake ni fupi: betri zilikwisha.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021 kuhusu usikivu, lilieleza kwamba watu zaidi ya milioni 430 duniani wanahitaji huduma za utengamao kutokana na upungufu wa usikivu. Kwa wengi wao shimesikio ndiyo inayowarudisha katika mazungumzo ya nyumbani, darasani na sokoni. Mtoto anayejifunza lugha kwa kusikia hupoteza maneno kila siku ambayo kifaa chake kimezimika. Kwa hiyo suala la betri lina uzito uleule wa kitabibu ulio nao upimaji wenyewe.

Vijana wanaotumia padi zisizo na waya kuchezea michezo ya video wanaufahamu mjadala huu. Padi nyingine hutumia betri za kawaida zinazonunuliwa dukani, na nyingine zina betri iliyofungwa ndani ambayo huchajiwa kwa waya. Kijana ambaye padi yake imezimika huahirisha mchezo. Mgonjwa ambaye shimesikio yake imezimika huahirisha kusikia, na ndiyo maana uchaguzi wake unastahili kufikiriwa kwa makini zaidi.

Betri inayotumia hewa

Betri za kubadilishwa zinazotumika zaidi katika shimesikio ni ndogo na za mviringo, mfano wa kifungo cha shati. Huitwa betri za zinki na hewa kwa sababu madini ya zinki yaliyomo hutoa umeme yanapokutana na oksijeni. Upande mmoja wa betri una vitundu vidogo vilivyozibwa kwa kibandiko. Kibandiko kikiondolewa, hewa huingia na betri huanza kufanya kazi. Kukirudisha baadaye hakuizuii kuendelea kuisha. Kwa sababu hiyo mgonjwa hushauriwa kukiondoa siku anapoihitaji betri tu, kisha aiache wazi kwa dakika chache, hadi tano hivi, kabla ya kuiweka katika kifaa.

Betri hizi zina saizi nne zinazotumika sana, na kila moja ina rangi yake duniani kote: saizi 10 ni njano, 312 ni kahawia, 13 ni rangi ya chungwa, na 675 ni bluu. Asiyesoma namba anaweza kununua kwa rangi. Saizi 10 ina kipenyo cha takriban milimita 5.8, ilhali 675 hufikia milimita 11.6. Kadiri betri inavyokuwa kubwa ndivyo inavyodumu zaidi na ndivyo vidole vinavyoishika kwa urahisi.

Tuchukue mfano wa saizi 13, ambayo kwa kawaida hudumu kati ya juma moja na mawili. Ikidumu siku 10, mgonjwa anayevaa vifaa viwili atatumia betri 6 kwa mwezi na takriban 73 kwa mwaka. Hesabu hii ifanywe pamoja na familia kabla ya kifaa kutolewa. Gharama ya shimesikio hulipwa mara moja, pengine kwa msaada wa mfadhili, lakini gharama ya betri hurudi kila mwezi na humwangukia mgonjwa mwenyewe.

Betri iliyofungwa ndani

Shimesikio nyingi za kisasa zina betri ya litiamu ioni iliyofungwa ndani. Mgonjwa hukilaza kifaa kwenye chaja usiku na kukivaa asubuhi. Kuchaji huchukua muda wa saa 3 hadi 4 kwa kawaida, na umeme huo hutosha kwa siku nzima.

Kwa mzee ambaye vidole vyake vimekakamaa kwa ugonjwa wa viungo, anayetetemeka mikono, au asiyeona vizuri, huu ni unafuu mkubwa. Hahangaiki kutafuta upande wa kujumlisha na wa kutoa, wala haangushi kitu kidogo kisichoonekana sakafuni. Aidha, kifaa kisicho na mlango wa betri huweza kuzibwa vizuri zaidi dhidi ya jasho na vumbi.

Hata hivyo betri ya litiamu ioni huzeeka. Kila inapochajiwa uwezo wake hupungua kidogo, na baada ya miaka minne au mitano hivi huenda isifikishe siku nzima. Katika miundo mingi mgonjwa hawezi kuibadilisha mwenyewe. Kifaa hupelekwa kwa fundi wa kampuni au kiwandani. Kama kiwanda kiko nchi nyingine, mgonjwa hukaa bila kusikia muda wote huo. Umeme wa nyumbani nao una nafasi yake: ukikatika usiku kucha, kifaa huamka kikiwa kitupu. Baadhi ya chaja hubeba akiba ya kuchaji mara kadhaa bila umeme wa ukutani, na sifa hiyo iulizwe wazi wakati wa kununua.

Suala hili limefika hata kwa watunga sheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1542 inaagiza kwamba, kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri za vifaa vya kubebeka ziweze kuondolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa kwa aina maalumu za vifaa. Msingi wake ni kwamba kifaa kizima kisitupwe kwa sababu ya betri iliyochoka.

Njia ya tatu

Kati ya aina hizo mbili ipo njia nyingine, nayo ina historia katika bara letu. Katika kijiji cha Otse nchini Botswana, mwanzoni mwa miaka ya 2000, taasisi ya Godisa ilitengeneza shimesikio pamoja na chaja inayotumia mwanga wa jua. Betri zake zilichajiwa tena na tena, lakini zilitolewa kifaani kwa mkono kama betri za kawaida. Mafundi waliozitengeneza walikuwa wenyewe viziwi. Betri ilipochoka, ilibadilishwa peke yake na kifaa kikaendelea kutumika.

Vifaa vinavyovaliwa na watu waliopandikizwa koklea vinaonyesha mantiki hiyohiyo. Tangu upandikizaji huo ulipoanza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2017, familia za hapa nyumbani nazo zimelazimika kulijua somo la betri. Vipokea sauti vingi vya aina hiyo, vinavyokaa nje ya sikio, huweza kutumia ama betri za zinki na hewa ama betri za kuchajiwa zinazochomolewa.

Onyo moja ni la lazima: betri ya zinki na hewa ya kutumia mara moja isiwekwe kamwe katika chaja, kwani inaweza kuvuja au kupasuka. Betri za kuchajiwa huandikwa hivyo waziwazi.

Hatari kwa watoto

Betri za kubadilishwa zina hatari ambayo kila mhudumu anapaswa kuieleza. Betri ndogo ikikaa kwenye sehemu ya mwili yenye unyevu, mkondo wa umeme huzalisha kemikali kali inayounguza tishu. Betri iliyokwisha nguvu za kuendesha kifaa bado inaweza kuunguza. Ikiingia puani huweza kutoboa ukuta wa kati wa pua. Ikiingia sikioni huweza kuharibu kiwambo cha sikio. Zile pana za litiamu zenye kipenyo cha milimita 20, zinazopatikana katika rimoti na mizani, zikikwama kwenye umio huweza kusababisha jeraha kubwa ndani ya saa 2.

Mtoto akishukiwa kumeza betri, apelekwe hospitali mara moja kwa picha ya eksirei. Asitapishwe. Ikiwa ana umri unaozidi miezi 12, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12 tangu ameze, anaweza kupewa asali mililita 10, sawa na vijiko viwili vya chai, kila baada ya dakika 10, mara 6 kwa kiwango cha juu, akiwa njiani. Kutafuta asali kusicheleweshe safari. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali. Betri ikiwa puani au sikioni, msitie tone lolote la dawa, mafuta wala maji, kwa kuwa unyevu huongeza madhara. Mhudumu akumbuke kwamba kwenye eksirei betri huweza kudhaniwa sarafu. Duara mbili, moja ndani ya nyingine, ndiyo dalili ya kuitambua.

Mtoto mdogo apewe shimesikio yenye mlango wa betri unaofungwa kwa kifaa maalumu. Wazee nao wasiweke betri karibu na vidonge vyao, maana wapo waliozimeza wakidhani ni dawa.

Maswali matano kabla ya kuchagua

Hakuna aina moja inayomfaa kila mtu. Mgonjwa na mhudumu wakae pamoja wajibu maswali haya:

1. Je, mgonjwa anaweza kubadilisha betri kwa mikono yake mwenyewe? Ajaribu mbele ya mhudumu, mara tatu.
2. Je, nyumbani kuna umeme au sola ya kuaminika kila usiku?
3. Duka la karibu linalouza saizi yake liko wapi, na bei ya mwezi mzima ni kiasi gani?
4. Je, nyumbani kuna mtoto mdogo?
5. Betri ya ndani ikichoka, nani ataibadilisha, kwa gharama gani, na mgonjwa atatumia nini wakati wa kungoja?

Mwanafunzi wa kijijini asiye na umeme huenda akafaidika zaidi na kifaa cha saizi 13 au 675 chenye mlango unaofungwa. Bibi wa mjini mwenye vidole vigumu na umeme wa uhakika huenda akafaidika zaidi na betri ya ndani.

Majibu yakishapatikana, aina ya betri, saizi na rangi yake viandikwe kwenye kadi ya kliniki, pamoja na jina la mwanafamilia atakayesaidia kuzinunua au kuchaji kifaa. Mgonjwa asiondoke kliniki kabla ya kuwa na betri za mwezi wa kwanza mkononi, au kabla ya kuiona chaja yake ikiwaka taa.