Drafti ni moja, sheria ni kumi: Nani mkweli?

ANAYEPITA karibu na stendi ya bodaboda mjini Kitengela Jumapili alasiri hakosi kukuta kundi la wanaume wameinamia kitu. Ukisogea utaona ni ubao uliochorwa miraba, na juu yake vizibo vya soda: vya huyu vimelala kifudifudi, vya yule vimelala chali. Hiyo ndiyo drafti, mchezo wa maskini na tajiri.

Kwa muda husikii neno. Kisha ghafla kelele zinazuka, watu wanasimama, na anayepita huenda akadhani mwizi amekamatwa. Kumbe ugomvi ni wa kizibo kimoja! Huyu anasema kingi inaruhusiwa kukimbia kutoka pembe moja ya ubao hadi nyingine. Yule anaapa kwamba kingi hupiga hatua moja tu, mbele au nyuma, na anayesema vinginevyo ni mwongo.

Je, msomaji, kati ya hao wawili nani mkweli?

Kila mtu na kwao

Ili kuelewa ugomvi huo, ni lazima kwanza kuielewa Kitengela yenyewe. Miaka ya nyuma hapa palikuwa malisho ya Wamaasai, kusini mwa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Ardhi ikagawanywa, ploti zikauzwa, na watu wakaja kutoka kila pembe ya nchi. Wako wanaofanya kazi katika viwanda vya Athi River na wako wanaodamkia matatu za Nairobi kabla ya jogoo kuwika.

Mtu anapohama hubeba kitanda, sufuria na godoro. Hubeba pia sheria za drafti alizofundishwa na mjomba wake. Basi wa Kisumu anaketi na wa Machakos, wa Mombasa na wa Murang'a, kila mmoja akiamini kwamba mchezo wa kwao ndio mchezo.

Aghalabu mabishano ni matatu. La kwanza ni hilo la mwendo wa kingi. La pili ni kama kete ya kawaida, ambayo bado haijawa kingi, inaweza kula ikirudi nyuma. La tatu ndilo huleta ngumi: mchezaji akisahau kula, je, kete yake iondolewe ubaoni kama adhabu, au arudishe mkono na kula anavyotakiwa?

Ajabu ni kwamba hata wakubwa wa mchezo huu duniani hawana sheria moja. Drafti ya Kiingereza huchezwa kwenye miraba 64, kila mmoja akiwa na kete 12. Kingi yake hutembea hatua moja, na kete ya kawaida hairuhusiwi kula nyuma. Drafti ya Kirusi nayo ina miraba 64 na kete 12 vilevile, lakini kingi yake hukimbia masafa yote na kete ya kawaida hula hata ikirudi nyuma. Kuna pia drafti ya kimataifa, ya miraba 100 na kete 20 kwa kila mmoja. Katika hiyo, mchezaji akiwa na njia mbili za kula, hulazimika kufuata ile inayokula kete nyingi zaidi.

Kuhusu kuondoa kete iliyosahau kula, hiyo ni desturi ya kale iliyotoka Ulaya. Mashindano ya siku hizi yameiacha: mchezaji hurudisha mkono na kula. Lakini mitaani desturi hiyo ingali hai, na wapo wanaoitetea kwa kusema kwamba ndiyo humfunza mtu kuwa macho.

Si jambo dogo

Kuna watakaocheka na kusema haya ni mambo ya watu wasio na kazi. Hebu na watazame mfano huu.

Mchezo unakaribia kwisha. Mmoja amebakiwa na kingi 1, mwenzake ana 3. Kwa sheria za Kiingereza, huyo wa moja kazi yake imekwisha. Atazungushwa ubaoni mpaka akamatwe. Lakini kwa sheria za Kirusi, akiwahi kuushika ule mshazari mkuu unaotoka pembe hadi pembe, hata kingi 3 haziwezi kumtoa. Mchezo ni sare.

Kete ni zilezile, ubao ni uleule, lakini huku ni ushindi na huku ni sare. Sasa weka shilingi mia mbili chini ya ubao huo, pesa ambazo mama watoto anazingojea za unga na mboga, nawe utaelewa kwa nini marafiki wa miaka kumi hukosana.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Mwaka wa 2007, Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza kwamba kompyuta zao zimeikamilisha drafti ya Kiingereza: wachezaji wawili wasipokosea hata mara moja, mchezo huisha sare. Kazi hiyo ilianza mwaka wa 1989. Hata hivyo, jibu hilo ni la sheria hizo pekee. Ibadilishe kingi iwe ya kukimbia, na hesabu yote inaanza upya.

Siku hizi simu nayo imeongeza kuni motoni. Kijana hupakua programu ya drafti ambayo humuuliza achague: Kiingereza, Kirusi au kimataifa? Akishazoea moja, anakuja chini ya mti na kumwambia mzee wa miaka sitini, "Mzee, hujui sheria." Mzee aliyecheza kabla ya babake kijana huyo kuoa anamtazama tu. Hapo hakuna tena suala la kete. Ni suala la heshima.

Na enkeshui je?

Ukiiacha Kitengela na kufuata barabara ya Namanga, upite Isinya mpaka Kajiado, utaingia katika nchi ya mchezo mkongwe zaidi. Wamaasai huuita enkeshui. Una safu mbili za mashimo, katika ubao wa mti au yaliyochimbwa ardhini, na mbegu au vijiwe vinavyogawiwa shimo kwa shimo. Una undugu na ajua ya Wajaluo na giuthi ya Wakikuyu.

Huku nako hakuna toleo moja. Kuna mbao za mashimo 8 kila safu, kuna za 10 na kuna za 12. Wazee wa upande huu wana namna yao ya kuanza na kukamata, wa upande ule wana yao.

Hata ndugu zetu wa pwani na Zanzibar wana hali hiyohiyo katika bao lenye safu 4, mashimo 32 na kete 64. Katika bao la kujifunza, kete zote hutandazwa ubaoni tangu mwanzo, mbili kwa kila shimo. Katika bao la Kiswahili, kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni, 6 kati yake zikiwa ndani ya nyumba, na 22 hubaki mkononi za kunamua. Bingwa wa hilo la pili hulitazama la kwanza kama maziwa ya mtoto.

Lakini kuna tofauti kubwa kati ya drafti na enkeshui. Sheria za drafti zimeandikwa vitabuni kwa lugha nyingi, na aliyeshindwa na mabishano anaweza kwenda kusoma. Za enkeshui, kwa sehemu kubwa, zimo vichwani mwa wazee. Mzee akifariki, toleo la boma lake huzikwa naye.

Hata wenye vitabu hugombana

Asidhani mtu kwamba kuandika kunamaliza ugomvi. Mwaka wa 1974 huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Watu huketi mezani na dadu, kalamu na karatasi, mmoja akisimulia hadithi na wengine wakiigiza wahusika wake. Mchezo huo una vitabu vinene vya sheria, na bado wapenzi wake wamegawanyika kwa matoleo.

Toleo la tatu lilitoka mwaka wa 2000. La nne lilipokuja mwaka wa 2008, wengi walilikataa kabisa, wakidai si mchezo wao tena. Mwaka wa 2009 kampuni ya Paizo ikatoa mchezo wa Pathfinder uliojengwa juu ya sheria za zamani, na wengi wakahamia huko. La tano likafuata mwaka wa 2014, na vitabu vyake vikarekebishwa tena mwaka wa 2024.

Kuna funzo hapo. Asiyelipenda toleo jipya hakulazimika kulicheza. Alifungua kitabu chake cha zamani na kuendelea. Mtoto wa Kajiado hana kitabu cha kufungua.

Tufanyeje?

Kwa wachezaji wa Kitengela, dawa ni rahisi: patana kabla ya kete ya kwanza kusogezwa. Kingi inakimbia au inatembea? Kete inakula nyuma au haili? Aliyesahau kula anaadhibiwa au anarudisha mkono? Yaandikeni majibu hayo matatu kwa kalamu nyuma ya ubao. Atakayekuja na asome kabla ya kuketi. Na pesa za unga zibaki mfukoni.

Kwa wazazi, mtoto akikwambia, "Baba, simu inasema hivi," usimfokee. Mwonyeshe mlivyocheza nyinyi, naye akuonyeshe anavyocheza yeye. Zote mbili ni drafti, na huenda jioni hiyo mkacheka pamoja.

Na kwa vijana wa Kajiado ambao babu zao wangali hai, chukueni daftari la shilingi ishirini mkaketi nao. Ulizeni mashimo ni mangapi, mbegu ni ngapi, nani huanza na mchezo huisha vipi. Msibishane na mzee wa jirani asemaye tofauti. Mwandikeni naye pia, ukurasa wake.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.