Tegemeo, tegemezi na utegemezi: istilahi za miradi tanzu ya programu

Kitenzi *tegemea* kimezaa maneno matatu ambayo wafasiri wa maandishi ya kompyuta huyachanganya mara kwa mara: *tegemeo*, *-tegemezi* na *utegemezi*. Yote yanahusu uhusiano mmoja, lakini kila moja husimama upande wake.

Nani anamtegemea nani?

*Tegemeo* (wingi *mategemeo*) ni kile kinachotegemewa. *Tegemezi* ni kile kinachotegemea. Ndiyo maana sarufi husema *kishazi tegemezi*, yaani kishazi kisichojisimamia bila kishazi huru. Vivyo hivyo, katika fomu ya bima ya afya, penye nafasi ya *wategemezi* hujazwa majina ya watoto, si jina la mzazi anayewalisha. *Utegemezi* ni hali au uhusiano wenyewe, wala si kitu.

Tuchukue mfano wa Kahe, katika tambarare iliyo chini ya Moshi. Shamba hutegemea mfereji, mfereji hutegemea mto, na mto hutegemea mvua na chemchemi za Kilimanjaro. Hapo shamba ni tegemezi, mfereji ni tegemeo lake la karibu, na chemchemi ni tegemeo la mbali. Mkulima huenda hajawahi kuiona chemchemi hiyo, lakini ikikauka, mahindi yake hunyauka.

Katika programu

Mradi mkubwa wa programu aghalabu hugawanywa katika *miradi tanzu*, kwa mfano wa *kampuni tanzu*. Mradi tanzu mmoja waweza kubeba mingine ndani yake, na kila mmoja huwa na orodha ya maktaba za msimbo unazozihitaji. Maktaba hizo ni *mategemeo* ya mradi. Tazama sentensi hizi:

- Si sahihi: *Ondoa tegemezi zote zisizotumika.*
- Sahihi: *Ondoa mategemeo yote yasiyotumika.*

Kosa hili si dogo. Msomaji anayeifuata sentensi ya kwanza kwa maana ya kawaida ya neno ataondoa miradi tanzu yenyewe, na kuziacha maktaba alizotakiwa kuzifuta.

Tegemeo la mbali nalo lina uzito wake. Mwezi Machi 2016, maktaba ndogo ya left-pad, yenye mistari 11 tu ya msimbo, iliondolewa katika hazina ya npm. Miradi mingi ilishindwa kujengeka, ikiwamo ile ambayo haikuwa imeitaja popote. Iliihitaji kupitia mategemeo ya mategemeo yake.

Toleo moja au mawili?

Kahe inatufunza jambo la pili. Hapo ndipo reli ya kutoka Tanga kwenda Moshi ilipounganishwa na reli ya kutoka Voi mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Reli ya kwanza ilijengwa na Wajerumani, ya pili na Waingereza. Lakini zote zilikuwa na upana wa milimita 1,000, hivyo ziliweza kuungana. Reli ya TAZARA, kwa upande wake, ina upana wa milimita 1,067. Inapokutana na tawi la Reli ya Kati huko Kidatu, behewa haliwezi kuvuka. Sharti mizigo ihamishwe.

Ndivyo ilivyo pale miradi tanzu miwili inapodai matoleo tofauti ya maktaba ile ile: kila mmoja huenda sawa peke yake, lakini hukwama inapounganishwa. Dawa yake ni kuyataja matoleo mahali pamoja, katika *mradi mzazi*. Katika Maven, mzazi hutaja toleo, na mradi tanzu hutaja jina la maktaba tu. Katika Cargo, miradi ya eneo moja la kazi hushiriki faili moja linalofunga matoleo yote.

Kutegemeana

Baina ya watu, *kutegemeana* ni sifa. Katika msimbo ni kasoro: mradi A ukimhitaji B, na B akamhitaji A, chombo cha kujengea hakijui kianze na upi. Lililo bora ni kuitoa sehemu inayoshirikiwa na kuiundia mradi tanzu wa tatu, utakaokuwa tegemeo la yote miwili. Mfasiri aonapo neno *kutegemeana* katika rasimu yake, na ahakikishe kwamba mwandishi alikusudia uhusiano wa pande mbili. Ikiwa ni wa upande mmoja, *kutegemea* kunatosha.

Kwa muhtasari

- *Tegemeo*: maktaba au mradi unaohitajiwa.
- *Mradi tegemezi*: mradi unaohitaji.
- *Utegemezi*: uhusiano baina yao.
- *Kutegemeana*: uhusiano huo ukiwa wa pande mbili.

Ukisitasita, uliza kama mkulima wa Kahe: maji yanatoka wapi, na yanakwenda wapi? Yanakotoka ndiko liliko tegemeo.